SOMO: KUCHAGUA KAMERA KUBWA INAYOSTAHIMILI MZIGO



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za kazi, fidia na usalama. Safari hii tunazungumza juu ya chombo cha kazi. Chombo chenyewe ni kamera kubwa ya ufundi, ile inayosimamishwa juu ya miguu mitatu, yenye mvukuto katikati kama mvukuto wa mhunzi, na kioo cha ukungu nyuma ambacho mpiga picha hukitazama akiwa amejifunika kitambaa cheusi.

Somo hili ni la vikundi vya akiba vya wafanyakazi wanaofikiria kuweka fedha zao katika kazi ya picha. Mfano wetu tumeuweka Onduparaka, kwenye njia ya kutoka Arua kwenda Koboko. Wazee wengi wa West Nile walilazimika kusafiri mbali kwenda kukata miwa Kakira na Lugazi. Watoto wao na wajukuu wao wanatafuta kazi ya ufundi itakayowawezesha kula wakiwa nyumbani. Hilo ni jambo jema. Lakini fedha ya kikundi ni jasho la watu wengi, na chombo kibovu kikinunuliwa, hasara haimpati mtu mmoja.

Kuna jambo moja tunataka kila msomaji alishike kabla ya mengine yote. Uimara wa kamera haupimwi kwa uzito wake, wala kwa jina lililochorwa juu yake. Hupimwa kwa mzigo mzito kuliko yote utakaowekwa juu yake, na kwa kiungo chake kilicho dhaifu kuliko vyote. Mfanyakazi wa kiwandani analijua jambo hili tayari. Winchi haisifiwi kwa unene wa nguzo zake ikiwa ndoano yake imepasuka.

KAZI GANI INASTAHILI KAMERA HII?

Kwanza tuseme wazi kazi ambayo haistahili. Ikiwa mwenzetu ameumia mkono kwenye mashine, au karatasi yake ya mshahara ina makosa, picha ya simu inatosha, tena inafaa zaidi kwa sababu inapigwa papo hapo. Kikundi kisinunue kamera kubwa kwa kazi kama hizo.

Kamera kubwa inafaa kwa kazi za namna tatu.

Ya kwanza ni majengo. Ukielekeza simu juu ili kupiga picha ya kanisa, msikiti, shule au banda refu la kukaushia tumbaku, kuta huonekana kama zinaanguka nyuma. Katika kamera ya ufundi mpiga picha huacha kamera imesimama sawasawa kwa pimamaji, kisha hupandisha lenzi peke yake. Kuta hubaki wima, kama fundi mwashi alivyozisimamisha kwa timazi.

Ya pili ni kunakili ramani, michoro ya ujenzi, daftari kubwa za zamani na picha za ukutani, ambazo zinahitaji kila pembe itokee sawa na kila herufi isomeke.

Ya tatu ni picha za watu wengi pamoja na picha za heshima za kutundikwa ukutani. Filamu ya kamera hii kwa kawaida ina upana wa inchi 4 kwa 5, na eneo lake ni zaidi ya mara 12 ya ile filamu ndogo ya kamera za kawaida. Mtu akitaka picha ya timu nzima, kama Onduparaka FC iliyopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016, au picha ya wafanyakazi 200 mbele ya kiwanda, kila uso utaonekana hata picha ikikuzwa sana.

Kama kikundi hakina wateja wa kazi hizi tatu, somo liishie hapo, na fedha ibaki benki.

ANDIKENI MZIGO KWANZA

Watu wengi huanza kwa kutafuta kamera, kisha ndipo wanapotafuta vifaa vya kuifunga. Huko ni kununua punda kabla ya kujua uzito wa magunia. Sisi tunasema mwanze na magunia.

Chukueni karatasi mwandike kila kitu kitakachofungwa juu ya kamera. Kisha nendeni kwenye mizani ya dukani mkapime. Vitu vyenyewe kwa kawaida ni hivi:

1. Lenzi pamoja na shata yake na bamba lake. Lenzi ya kawaida ya milimita 150 ina uzito wa karibu robo kilo. Lenzi ya milimita 300 yenye mdomo mpana inaweza kufika kilo moja.

2. Kasha la filamu. Kasha la karatasi mbili za filamu ni jepesi, lakini kasha la filamu ya kuzungusha ni zito zaidi.

3. Kamera ndogo ya dijitali inayofungwa nyuma kwa bamba la kuunganishia. Siku hizi wengi hufanya hivi ili kuepuka gharama ya filamu na dawa za kusafishia. Kamera hiyo na bamba lake vinaweza kupita kilo moja, na mzigo wote huo huning'inia nyuma ya fremu.

4. Kivuli cha lenzi, vichujio vya kioo, na fimbo zinazovishika.

Juu ya hiyo namba 3 tutoe tahadhari. Kamera ndogo ikifungwa nyuma inachukua sehemu ndogo tu ya picha, na lenzi za pembe pana mara nyingi hazifanyi kazi vizuri, kwa sababu haziwezi kusogezwa karibu kiasi kinachotakiwa. Kwa kunakili hati inafaa. Kwa kupiga jengo zima kutoka karibu, mara nyingi itawavunja moyo.

HESABU YA MKONO WA MZIGO

Uzito peke yake hautoshi. Lazima tujue mzigo uko umbali gani kutoka mahali ulipofungwa. Kila aliyewahi kubeba jembe kwa kushika ncha ya mpini anajua kwamba jembe lile lile huwa zito zaidi likiwa mbali na mkono.

Tufanye hesabu. Lenzi ya gramu 250 ikiwa sentimita 15 mbele ya mwili wa kamera, tunazidisha 250 kwa 15, tunapata 3,750. Lenzi ya gramu 1,000 ikiwa sentimita 30 mbele, tunazidisha 1,000 kwa 30, tunapata 30,000. Uzito umeongezeka mara 4, lakini nguvu inayovuta kiungo chini imeongezeka mara 8. Ndiyo maana kamera iliyokuwa imara jana kwa lenzi ndogo inainamisha kichwa leo kwa lenzi kubwa.

Kuna jambo la kuongeza. Ili kupiga kitu kilicho mbali, lenzi ya milimita 300 inahitaji mvukuto wa sentimita 30. Lakini ili kunakili hati itokee kwa ukubwa wake halisi, mvukuto lazima uwe mara mbili ya namba ya lenzi. Lenzi ya milimita 150 itataka sentimita 30, na ile ya milimita 300 itataka sentimita 60. Kwa hiyo kazi ya kunakili ndiyo inayonyosha mkono wa mzigo kuliko kazi nyingine. Kikundi kitakachonakili sana kitumie lenzi fupi na nyepesi, na kitapunguza taabu nyingi bila kulipa hata shilingi moja ya ziada.

KAMERA ZA KUKUNJA NA KAMERA ZA RELI

Kamera za ufundi zinazopatikana mkononi, yaani zilizokwisha kutumika, ni za aina mbili.

Aina ya kwanza ni ya kukunja. Mwili wake ni kama sanduku, na mlango wake ukifunguliwa huwa ndio sakafu ambayo lenzi husogea juu yake. Inayojulikana sana ni Technika ya kampuni ya Linhof kutoka Munich, Ujerumani, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1930. Master Technika, iliyotoka 1972, ina mwili wa chuma wenye uzito unaozidi kidogo kilo mbili na nusu, na mvukuto wake unapita sentimita 40. Nyingine ni Speed Graphic ya Marekani, iliyotengenezwa tangu 1912 mpaka 1973 na kutumiwa sana na wapiga picha wa magazeti. Hiyo ni ngumu na bei yake ni nafuu, lakini fremu yake ya mbele haina miendo mingi. Uingereza nayo ilitengeneza MPP Micro-Technical baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Uzuri wa kamera ya kukunja ni kwamba inabebeka kwa baiskeli au bodaboda, na ikifungwa lenzi na mvukuto hulindwa na vumbi. Udhaifu wake ni ule mlango. Mzigo wote wa mbele unakaa juu ya bawaba na mikono miwili midogo ya pembeni. Mikono hiyo ikilegea, lenzi nzito itainama.

Aina ya pili ni ya reli. Fremu ya mbele na fremu ya nyuma zinapanda juu ya bomba au reli moja, na katikati yake ndipo penye kishikio cha miguu mitatu. Hizi ni kama Sinar ya Uswisi, Cambo ya Uholanzi, Toyo ya Japani, na Linhof wenyewe pia walizitengeneza. Kishikio kinaweza kusogezwa kwenye reli mpaka mzigo wa mbele na wa nyuma ulingane, kama mizani. Kwa vifaa vizito hii ndiyo yenye nafasi nzuri zaidi. Sinar p, iliyotoka 1970, ina gia kwenye fremu zote mbili, kwa hiyo mzigo husogezwa kidogo kidogo bila kulegeza kifundo na kuuacha uanguke. Lakini ni nzito na haipendi kubebwa shambani. Kampuni hiyo hiyo ilitengeneza aina ya F iliyo nyepesi, na hapo mnunuzi awe mwangalifu. Jina ni lile lile, uimara si ule ule.

Kuna pia kamera za mbao, nzuri kwa macho na nyepesi begani. Zinafaa kwa lenzi nyepesi. Kwa kamera ya dijitali nyuma na lenzi ya kilo moja mbele, hatuzipendekezi, maana mbao hutanuka na kusinyaa kwa mvua na kiangazi, na skrubu zake hulegea.

Shauri letu kwa kikundi cha Onduparaka ni hili. Kama kazi nyingi itafanyika ndani ya chumba, yaani kunakili na picha za heshima, chagueni kamera ya reli. Kama kazi nyingi ni majengo huko Arua, Koboko na vijijini, chagueni ya kukunja ya chuma, na lenzi zenu ziwe ndogo.

JARIBIO KABLA YA KULIPA

Muuzaji akikataa jaribio hili, rudini nyumbani na fedha yenu.

Hatua ya 1. Fungeni kamera juu ya miguu imara au meza nzito. Wekeni lenzi nzito kuliko zote mtakazotumia. Kama muuzaji hana, pimeni mfuko mdogo wa mchanga wenye uzito sawa na mwufunge taratibu mahali pa lenzi. Katika hali hiyo wekeni lenzi ndogo ili muweze kuona picha, na mfuko uning'inie chini yake.

Hatua ya 2. Nyosheni mvukuto mpaka urefu mtakaouhitaji. Elekezeni kamera kwenye ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani. Kazeni vifundo vyote kwa vidole. Kifundo kinachodai koleo ili kishike kimekwisha kulika.

Hatua ya 3. Tazameni kioo cha ukungu kwa kioo cha kukuzia, mkaweke alama ya penseli juu ya herufi moja. Subirini robo saa bila kugusa kitu. Herufi ikihama kutoka kwenye alama, kuna kiungo kinachoteremka.

Hatua ya 4. Ingizeni kasha la filamu, vuteni kifuniko chake, kirudisheni, kisha toeni kasha. Tazameni tena alama. Kama kitafungwa kifaa cha dijitali nyuma, pigeni picha mbili zenye dakika kumi kati yake, mkazilinganishe zikiwa zimekuzwa.

Hatua ya 5. Gongeni fremu ya mbele kwa kidole kidogo tu huku mwenzenu anatazama kioo. Picha ikitikisika na kutulia mara moja, ni vizuri. Ikiendelea kutetemeka, kuna mahali palipolegea.

Hatua ya 6. Rudisheni kila kitu kwenye alama ya sifuri. Pimeni kwa rula umbali kati ya fremu mbili katika pembe zote nne. Vipimo visipolingana, fremu imepinda au imewahi kuangushwa.

Hatua ya 7. Ingieni chumba cha giza, mwashe tochi ndani ya mvukuto. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Tundu dogo huzibika, lakini mvukuto uliooza kwenye mikunjo yote ni gharama mpya.

Andikeni matokeo yote kwenye karatasi. Karatasi hiyo mtaitumia mkipatana bei.

MIGUU NA KICHWA CHAKE

Kamera imara juu ya miguu dhaifu ni nyumba ya matofali juu ya mchanga. Jumlisheni uzito wote. Tuseme kamera kilo 4, lenzi na bamba lake kilo 1, kifaa cha nyuma kilo 1 na gramu 200, vitu vidogo gramu 300. Jumla ni kilo 6 na nusu. Kichwa cha miguu kiwe kimeandikwa na mtengenezaji kwamba kinabeba angalau mara mbili ya hapo, yaani kilo 13, kwa sababu mzigo wa kamera hii hauko katikati kama jiwe, bali umetandazwa mbele na nyuma.

Angalieni pia skrubu inayoshika kamera. Iko ndogo ya robo inchi, na iko kubwa ya tatu juu ya nane ya inchi. Kwa mzigo huu tumieni ile kubwa. Penye upepo, ning'inizeni mfuko wa mawe katikati ya miguu, na mfuko uguse ardhi kidogo ili usibembee.

Mkinakili hati, msiielekeze kamera chini. Ikielekezwa chini, mzigo wote huvuta gia na lenzi huteleza polepole. Bandikeni hati ukutani kwenye ubao, na kamera isimame sawa mbele yake. Na kama reli imenyoshwa sana, wekeni nguzo ya pili chini ya ncha yake ya mbele.

FEDHA NI YA WOTE

Kabla ya kununua, mkutano wa kikundi ukubaliane mambo manne na kuyaandika kwenye daftari: nani atafundishwa kutumia kamera, nani atatunza funguo za sanduku, nani atalipa ikiangushwa, na fungu gani la mapato litawekwa kwa matengenezo. Chombo ambacho ni cha wote bila mtu wa kukitunza huwa si cha mtu yeyote.

Mjue pia kwamba viwanda vingine vilivyotengeneza kamera hizi vimefungwa. Vipuri hutoka kwenye kamera nyingine kuukuu. Kwa hiyo nunueni aina iliyotengenezwa kwa wingi, na mabamba ya lenzi yanayopatikana bado au yanayoweza kuchongwa na fundi wa vyuma. Filamu ya inchi 4 kwa 5 bado inatengenezwa, lakini lazima iagizwe, na dawa nyingi za kuisafisha hupimwa kwa joto la nyuzi 20. Arua mara nyingi ni joto kuliko hapo, hivyo ndoo ya maji baridi na kipimajoto viwe katika hesabu.

NANI ANASHIKA KAMERA?

Mtu anaweza kuuliza: chama cha wafanyakazi kina haja gani na mambo haya?

Mwaka 2015 katika ofisi za Shirika la Utangazaji la Uganda zilipatikana filamu za picha zipatazo 70,000, zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, nyingi zikiwa za utawala wa Idi Amin wa 1971 mpaka 1979. Mwaka 2019 baadhi yake zilionyeshwa katika Makumbusho ya Uganda, Kampala. Zilidumu kwa sababu zilikuwa filamu zilizotiwa katika bahasha na kuandikwa maelezo. Lakini aliyezitazama aliona zaidi mikutano, sherehe na wakubwa. Mateso ya watu wa kawaida hayakuwa mbele ya lenzi, kwa sababu waliolipia kamera hawakutaka yawepo.

Hapo ndipo lilipo somo kwetu. Picha ya kazi yetu, ya viwanda vyetu, ya mabanda yetu na ya wazee waliokata miwa ugenini, ikipigwa na wengine, itaonyesha wanachotaka wao. Tukishika kamera wenyewe, tuishike iliyo imara, tuiweke kwenye miguu iliyo imara, na tuandike kwenye bahasha jina, mahali na tarehe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika sehemu yetu, ni wateja gani wanaohitaji picha za majengo, za kunakili au za watu wengi? Tuwataje na kuwahesabu.

2. Lenzi ya gramu 600 ikiwa sentimita 25 mbele, nguvu yake ni ngapi? Ilinganisheni na mifano miwili ya somo hili.

3. Katika mashine tunazotumia kazini, kiungo dhaifu ni kipi, na nani anakikagua?

4. Fedha ya kikundi chetu ikinunua chombo, tutaandika masharti gani ili mwenzetu mmoja asibebeshwe hasara ya wote?

Umoja ni nguvu.